Umeshikwa Mara Ngapi? Kifafa, Kifaa cha Ndani ya Fuvu na Somo la Miezi ya Kafyu

Swali la kwanza ambalo mgonjwa wa kifafa huulizwa akifika kliniki ni hili: tangu tulipoonana mara ya mwisho, umeshikwa mara ngapi? Kwa masikio ni swali jepesi, lakini matibabu yote husimama juu ya jibu lake. Akisema mara mbili, huenda dozi ikaachwa kama ilivyo. Akisema mara kumi, itaongezwa au dawa itabadilishwa. Tena mgonjwa mwenyewe mara nyingi ndiye asiyejua, kwa sababu kifafa kinapompanda fahamu humtoka. Basi huulizwa mama, au mke, au ndugu anayelala naye chumba kimoja. Nao pia ni binadamu: hulala, hutoka kwenda sokoni, husahau.

Katika makala haya nataka kueleza jinsi nchi nyingine zilivyojaribu kulijibu swali hilo kwa kupandikiza kifaa ndani ya mwili wa mgonjwa, na jinsi kifaa hicho kilivyosaidia mwaka 2020 korona ilipofunga milango ya kliniki. Kisha nitazame sisi hapa Pwani, tusiokuwa nacho, twaweza kuchukua nini katika hayo. Mimi si daktari. Ni mwandishi, na katika familia yetu tuna kijana mwenye kifafa, kwa hivyo jambo hili nimelifuatilia kwa miaka.

Kifafa ni nini hasa

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Seli zake hupeana habari kwa zamu na kwa mpangilio. Shambulio la kifafa hutokea pale kundi la seli linapowaka kwa pamoja bila mpangilio. Umeme huo ukibaki sehemu moja ya ubongo, mtu anaweza kuduwaa tu, akatafunatafuna mdomo mtupu, au mkono mmoja ukachezacheza wenyewe. Ukienea ubongo mzima, huanguka na kutukutika. Yote mawili ni kifafa, ila hapa kwetu tunakijua zaidi cha kuanguka. Yule anayeduwaa husemwa ana mawazo, au hasikilizi darasani, na miaka hupita bila kutibiwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linasema pia kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kushikwa kama wangetambuliwa mapema na kupata dawa ipasavyo.

Pwani yetu si ngeni katika elimu hii. Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza mwaka 1989, na kazi yake juu ya kifafa inajulikana ulimwenguni. Mwaka 2013 watafiti walichapisha hesabu kutoka sehemu tano za Afrika, Kilifi ikiwa mojawapo. Walipata watu 7.8 katika kila 1,000 wenye kifafa cha kutukutika kilicho hai. Ifakara, Tanzania, walikuwa 14.8. Na hao ni wa kutukutika peke yao; wanaoduwaa hawakuhesabiwa. Miongoni mwa mambo waliyoyahusisha na maradhi haya ni matatizo wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, na vimelea vinavyoingia mwilini. Malaria kali inayopanda kichwani nayo imeonekana Kilifi kuwaachia watoto wengine kifafa.

Utafiti wa Kilifi umeonyesha pia jambo la kusikitisha zaidi: zaidi ya nusu ya wagonjwa hawakuwa wakipata dawa ipasavyo. Umbali, gharama, na imani kwamba ni nyuni au shetani huwafanya wengi waanze kwa mganga na kufika hospitalini wamechelewa. Wengine hawafiki kabisa, kwa kuogopa binti hataolewa au kijana hataajiriwa. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Kwa nini kumbukumbu haitoshi

Mwaka 2007, watafiti wa mji wa Bonn, Ujerumani, walichapisha jaribio rahisi. Wagonjwa 91 walilazwa wodini, wakawekewa nyaya za kupima umeme wa ubongo, kamera zikiwatazama usiku na mchana. Kila mmoja aliombwa aandike kila anaposhikwa. Mwisho, maandishi yao yalilinganishwa na mashine. Zaidi ya nusu ya mashambulizi, asilimia 55 hivi, hayakuandikwa. Kwa yale yaliyotokea usingizini, asilimia 86 hivi yalipita bila mgonjwa kujua.

Watu hawa hawakuwa wakidanganya. Sehemu ile ile ya mwili inayotakiwa kukumbuka ndiyo iliyozimika. Lakini fikiria matokeo yake. Daktari anaambiwa "nimepoa", naye anaacha dozi ilivyo, huku usiku mgonjwa anashikwa mara tatu kwa wiki. Mashambulizi makubwa yasiyodhibitiwa, hasa ya usiku, ndiyo yanayohusishwa zaidi na kifo cha ghafla, ambacho humkuta mgonjwa kitandani peke yake. Kwa hivyo hesabu si karatasi za ofisini tu. Hesabu ni uhai.

Kipimo cha kawaida cha umeme wa ubongo, kile madaktari wanachokiita EEG, husaidia kutambua maradhi, lakini mara nyingi huchukua nusu saa au saa moja. Ni sawa na mtu kusimama Bandari ya Kale kwa nusu saa, kisha aulizwe majahazi mangapi hupita kwa mwezi.

Kifaa kinachokaa ndani ya fuvu

Hapo ndipo ilipoanza safari ya kupandikiza. Kifaa kinachojulikana zaidi kwa kazi hii ni RNS, kinachotengenezwa na kampuni ya NeuroPace ya California. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilikiruhusu Novemba 2013, kwa watu wazima ambao wamejaribu dawa mbili au zaidi bila kupona, na ambao kifafa chao kinaanzia sehemu moja au mbili za ubongo zinazojulikana.

Hufanya kazi hivi. Daktari wa upasuaji hukata kipande kidogo cha mfupa wa fuvu na kukiweka kifaa mahali pake, kikalingana na kichwa chini ya ngozi. Kutoka hapo nyaya nyembamba, hadi mbili zinazofanya kazi, huingia ubongoni au hulala juu yake, pale shambulio linapoanzia. Nyaya hizo husikiliza umeme wa ubongo mchana na usiku. Kifaa kikiona alama ambayo daktari amekifundisha kuwa ndio mwanzo wa shambulio, hutoa umeme mdogo wa kulikata kabla halijaenea. Mgonjwa hasikii kitu.

Pamoja na kutibu, kifaa huandika. Huhesabu kila alama iliyoonekana, saa yake, na kuhifadhi sehemu ya michoro ya umeme. Mgonjwa akihisi ameshikwa, anaweza kupitisha sumaku juu ya kichwa, na kifaa kikahifadhi mchoro wa wakati ule. Akiwa nyumbani hushika kipokezi cha mkononi karibu na kichwa, habari zikaingia kwenye kompyuta ndogo aliyopewa, na kupitia intaneti zikafika mahali ambapo daktari wake anaweza kuzisoma.

Matokeo hayakuja kwa siku moja. Katika jaribio kuu la wagonjwa 191, miezi michache ya mwanzo ilionyesha mashambulizi yamepungua kwa asilimia 38 hivi kwa waliowashiwa umeme, na asilimia 17 hivi kwa ambao kifaa kilikuwa ndani lakini umeme wa kutibu haujawashwa. Waliofuatiliwa kwa miaka 9, matokeo yao yalichapishwa mwaka 2020: kwa mgonjwa wa katikati, mashambulizi yalikuwa yamepungua kwa asilimia 75. Wengi hawakupona kabisa. Lakini mtu aliyekuwa akishikwa mara nne kwa wiki akafikia mara moja, maisha yake hubadilika.

Maandishi ya vifaa hivi yamefunza pia jambo ambalo hakuna daktari angeliona kwa macho. Mwaka 2018 watafiti walisoma kumbukumbu za wagonjwa 37, nyingine za miaka mingi, wakaona kwamba kifafa kina majira yake ndani ya mtu. Kwa wengi, hatari hupanda na kushuka kwa mzunguko wa siku 20 hadi 30, wanaume kwa wanawake. Wako wazee wasemao kifafa hufuata mwezi. Utafiti ule haukusema ni mwezi wa angani, kwani kila mgonjwa alikuwa na kalenda yake. Ila umethibitisha kwamba maradhi haya hayaji ovyo kama tulivyodhani.

Vifaa vingine vya namna hiyo

Kiko kifaa cha zamani zaidi, kilichoruhusiwa Marekani mwaka 1997, kinachowekwa kifuani chini ya ngozi na kutuma umeme kwenye mshipa wa fahamu wa shingoni. Aina zake za karibuni huhisi mapigo ya moyo yakipanda ghafla, kwani wagonjwa wengi moyo huwaenda mbio wanaposhikwa. Lakini hicho hakisomi umeme wa ubongo wenyewe.

Kiko pia kilichotengenezwa Denmark, ambacho huwekwa chini ya ngozi ya kichwa nyuma ya sikio bila kufungua fuvu. Chenyewe hakitibu, kazi yake ni kuhesabu tu.

Na huko Melbourne, Australia, wagonjwa 15 walipandikizwa kifaa kilichojaribu kutabiri. Mgonjwa alibeba kisanduku chenye taa: nyekundu ikiwaka, hatari ni kubwa, buluu, hatari ni ndogo, nyeupe, ni katikati. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013 na yalitia moyo, lakini kampuni iliyokitengeneza ikaishiwa na fedha, na vifaa vikatolewa vichwani mwa watu. Mmoja wa wagonjwa hao alieleza hadharani jinsi alivyoumia kutengana na kifaa alichokwisha kukizoea kama sehemu ya nafsi yake. Hilo nalo ni la kukumbuka: anayekubali kufunguliwa fuvu anaifungamanisha afya yake na uhai wa kampuni.

Mwaka 2020, kliniki zilipofungwa

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona ni janga la dunia nzima. Marekani, ambako wengi wa wenye RNS wanaishi, hospitali ziliahirisha upasuaji usio wa dharura na kuwataka wagonjwa wasifike bila sababu kubwa. Wodi nyingi za kulaza wagonjwa wa kifafa kwa uchunguzi wa nyaya na kamera zilisimama. Serikali ikalegeza masharti ili ziara ya daktari kwa simu au kwa video ilipiwe na bima kama ziara ya kawaida.

Kwa wagonjwa wengi wa kifafa mazungumzo hayo ya simu yalirudi kwenye swali lile lile la kale, umeshikwa mara ngapi, na kumbukumbu ile ile isiyotosha. Aliyekuwa na kifaa kichwani alikuwa na jibu jingine. Alikaa kitandani kwake, akashika kipokezi, akatuma. Daktari upande wa pili alifungua kumbukumbu na kuona kama alama za hatari zimezidi tangu mwezi uliopita, kama dawa iliyoongezwa imeleta tofauti, kama mashambulizi yamehamia usiku, na kama betri na nyaya ziko salama. Njia hii haikubuniwa kwa ajili ya korona. Ilikuwapo tangu kifaa kilipoanza kutumika.

Kipindi hicho kilikuwa na kila kinachochochea kifafa: usingizi uliovurugika, wasiwasi, kazi kupotea, dawa kukosekana dukani, na homa kwa walioambukizwa. Mtu aliyefungiwa ndani peke yake hana hata jirani wa kumwambia "jana usiku nilisikia ukikoroma vibaya". Kwa mtu kama huyo, kuwa na kifaa kinachoandika chenyewe ni msaada mkubwa.

Kisichoweza kufanywa na kifaa

Nisije nikaonekana nakipigia debe. Mipaka yake ni mingi.

Kwanza, kusoma kwa mbali si kutibu kwa mbali. Daktari aliweza kuona, lakini kubadilisha mpangilio wa umeme kulihitaji mgonjwa afike kliniki. Betri iliyokwisha nayo huhitaji upasuaji.

Pili, hesabu ya kifaa si sawa na hesabu ya kuanguka. Kwa siku moja kinaweza kuandika alama mamia na hata zaidi, na nyingi ni cheche tu ambazo mgonjwa hazihisi. Daktari lazima ajifunze kutofautisha, na bado humuuliza mgonjwa. Nafasi ya kuhifadhi michoro pia ni ndogo. Asipotuma mara kwa mara, mipya hufuta ya zamani.

Tatu, ni upasuaji wa kichwa, wenye hatari ya kuvuja damu na ya maambukizi. Nne, gharama yake ni makumi ya maelfu ya dola. Na tano, huhitaji timu ya mabingwa, mashine za kupiga picha ya ubongo, umeme na intaneti ya uhakika. Hapa Kenya madaktari bingwa wa ubongo na neva ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Kumwambia mzazi wa Ganze au Lunga Lunga asubiri kifaa cha namna hiyo ni kumhadaa.

Pwani miezi ile

Hata hivyo shida yenyewe ilikuwa ni moja. Sisi pia tulifungiwa. Kafyu ya nchi nzima ilianza tarehe 27 Machi 2020, na jioni ile ya kwanza wengi wanaikumbuka kwa msongamano wa kivuko cha Likoni. Tarehe 8 Aprili mipaka ya Mombasa, Kilifi na Kwale ilifungwa. Tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, Mji wa Kale ukafungwa peke yake kwa mwezi mzima. Mombasa haikufunguliwa hadi tarehe 7 Julai.

Mtoto wa dada yangu, wakati huo kijana wa miaka 19, anaishi Mji wa Kale na kliniki yake ilikuwa nje ya kaunti. Tarehe yake ya kurudi iliangukia Aprili. Hospitali siitaji, hali ilikuwa hiyo hiyo kwingi. Nambari ya simu iliyoandikwa kwenye kadi haikupokelewa kwa siku kumi na mbili. Mwishowe, kwa kuulizana, tukapata kuzungumza na afisa wa kliniki anayemfahamu.

Swali lake la kwanza mwalijua. Dada yangu alikuwa na jibu, kwa sababu tangu 2017 anaweka daftari la mistari, la shilingi chache, linaloning'inia kwa uzi kwenye mlango wa chumba. Alimsomea. Aprili: mara mbili. Wiki mbili za kwanza za Ramadhani: mara tano, na nne kati ya hizo baada ya sala ya alfajiri. Tena kuna asubuhi mbili zilizowekewa alama ya kuuliza, kwa sababu alipatikana ameuma ulimi na shuka limelowa, lakini hakuna aliyeona.

Kijana hakuwa akifunga, kwa ushauri wa daktari. Lakini alikuwa akikesha na wenzake na kuamka kula daku na familia, kisha akilala vipande vipande. Dozi ya usiku nayo ilikuwa ikihamahama, leo saa mbili, kesho saa sita. Afisa yule alisikiliza zile saa, akasema asiongezewe dawa. Alale mapema usiku kucha, daku aachiwe wengine, na dozi iwe saa mbili usiku kila siku. Wiki tatu zilizofuata alishikwa mara moja.

Bila zile saa zilizoandikwa, mtu wa upande wa pili wa simu angesikia tu kwamba hali imezidi, na pengine angeongeza dozi ya dawa ambayo haikuwa na kosa. Ndicho alichofanya daktari wa Marekani kwa kifaa chake: alisoma saa na hesabu akiwa mbali, kisha akaamua. Daftari letu haliwezi kulinganishwa na kifaa cha ndani ya fuvu. Halioni usingizini, na halikati shambulio. Lakini somo lake ni lile lile: hesabu iwekwe kila siku, na iweze kusafiri hata mgonjwa akizuiwa.

Daftari liwe na nini

Kwa kila shambulio, andika haya:

- Tarehe na saa lilipoanza, na lilichukua dakika ngapi. Tazama saa, usikisie, kwani dakika moja ya hofu huonekana kumi.
- Lilianza vipi: macho kugeuka upande gani, mkono gani ulitangulia, alipiga kelele au aliduwaa.
- Alikuwa macho au usingizini, na alichukua muda gani kurudiwa na akili.
- Je, alikosa dozi siku hiyo au ya jana? Alilala saa ngapi? Ana homa? Kwa mwanamke, yuko siku gani ya hedhi?
- Dalili za asubuhi zisizoonwa na mtu: ulimi ulioumwa, mkojo, maumivu ya misuli, kichwa kizito. Ziandike na alama ya kuuliza.

Simu ya mkononi ni msaada mwingine. Utafiti uliochapishwa Marekani Januari 2020 ulionyesha kwamba mabingwa wakitazama video iliyopigwa kwa simu ya kawaida waliweza mara nyingi kutofautisha kifafa na kuanguka kwa namna nyingine. Mmoja amhudumie mgonjwa, mwingine apige video ya uso na mwili mzima. Iwe ya daktari peke yake. Kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ni kumvunjia mtu heshima, na sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti.

Akishikwa

Mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza mtandio, kola au barakoa. Ondoa vitu vya kumuumiza. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimbane kwa nguvu, usimnusishe kiatu wala kitunguu. Kaa naye hadi afahamu. Shambulio likipita dakika tano, au likifuatwa na jingine kabla hajazinduka, au likimpata majini, au ni mara yake ya kwanza, au ni mjamzito, mpelekeni hospitali, kafyu iwepo isiwepo.

Dawa isikatwe ghafla kwa hali yoyote. Kuikata kwaweza kuleta mashambulizi yasiyosimama. Mwenye kifafa akipata maradhi mengine amwambie daktari dawa anazotumia. Hata katika tiba ya korona, dawa ya Paxlovid iliyokuja baadaye haipatani na kabamazepini, fenitoini wala fenobabitoni.

Yatakiwayo kabla ya mlango kufungwa tena

Korona imepita, lakini njia zetu hufungwa kwa mengi: mafuriko, kipindupindu, vurugu, migomo ya wahudumu wa afya. Kaunti zetu hazihitaji dola elfu arubaini kwa kila mgonjwa ili kuwa tayari. Shirika la Afya Duniani linasema dawa za msingi za kifafa zaweza kugharimu takriban dola 5 kwa mtu kwa mwaka. Kinachotakiwa ni kwamba dawa hizo zisikose katika zahanati iliyo karibu, si hospitali kuu peke yake. Mgonjwa aliyetulia apewe za miezi mitatu mara tu hali inapoanza kuharibika. Kila kliniki ya kifafa iwe na nambari moja ya simu inayopokelewa. Wahudumu wa afya wa mashinani wafundishwe kulisoma daftari la mgonjwa na kumpigia daktari kwa niaba yake. Na kadi ya kliniki itambuliwe na askari kwenye kizuizi cha barabarani.

Kwa wazazi na walezi, daftari laweza kuanza leo. Chora safu tano, funga kalamu kwa uzi, litundike palipo wazi, na wote wa nyumbani waambiwe kazi yake. Mwezi ujao, mtakapoulizwa umeshikwa mara ngapi, msomeeni daktari kilichoandikwa.